Kwa Ubalozi ni Mke, kwa Kanisa ni Mchumba

Masomo: Mwanzo 12:10–20, Mwanzo 24, Filemoni 17–19

Wiki hii naandika juu ya jambo ambalo halijapata mahubiri yake, ingawa limeingia nyumba nyingi kutoka Migori hadi Homa Bay. Kijana yuko Uingereza, Kanada au Australia. Ana kazi, ana karatasi. Msichana wake amebaki Rongo au Oyugis. Ama ni binti aliyetangulia majuu, na mvulana ndiye anayesubiri huku. Hawajaoana. Sasa mmoja anataka kumwita mwenzake. Anafungua fomu ya serikali ya kule, na fomu inamuuliza: huyu ni nani wako?

Swali langu leo ni hilo hilo la fomu. Je, Mkristo anaweza kumdhamini kama mwenzi mtu ambaye hajamwoa, na dhamiri yake ikabaki safi?

Najua jibu la haraka la mimbarini. "Ni dhambi, oaneni, Amina." Jibu hilo lina ukweli ndani yake, lakini ni fupi mno. Halimsaidii dada ambaye mchumba wake yuko safari ya ndege mbili kutoka hapa, wala halimsaidii kaka ambaye wazazi wa msichana wanataka ng'ombe ambao bado hana. Kwa hivyo twende polepole.

Fomu inauliza nini hasa

Mimi si wakili, na mwenye kesi yake amtafute wakili wa kweli, si dalali wa viza. Lakini ni vizuri tujue tunaongea juu ya nini.

Uingereza inamkubali mwenzi ambaye hamjafunga naye ndoa, ikiwa uhusiano wenu umefanana na ndoa kwa angalau miaka 2. Zamani ilibidi muwe mmeishi pamoja miaka hiyo. Kuanzia tarehe 31 Januari 2024 kanuni zilibadilika, na kinachopimwa zaidi ni uhusiano wenyewe. Raia au mkaazi wa kudumu anayemleta mwenzi lazima pia aonyeshe mapato, na tangu tarehe 11 Aprili 2024 kiwango kilipanda kutoka pauni 18,600 kwa mwaka hadi pauni 29,000. Walioomba viza ya kuhudumia wazee kuanzia tarehe 11 Machi 2024, hao hawaruhusiwi kuja na mwenzi wala watoto kabisa.

Kanada nayo inamtambua mwenzi asiye wa ndoa ikiwa mmeishi pamoja miezi 12 mfululizo, na iko njia nyingine kwa waliozuiliwa kuishi pamoja. Marekani haina mlango huo. Ina viza ya mchumba: akiingia, mfunge ndoa ndani ya siku 90. Uingereza pia ina viza ya mchumba, ya miezi 6.

Kwa hivyo kuna maneno matatu hapo: mume au mke, mchumba, na mwenzi. Kila moja lina uzito wake. Fomu haikulazimishi kusema uongo. Inakuambia tu uchague neno lililo kweli. Shida yetu inaanzia hapo, kwa sababu wengi wetu tuna neno moja la ubalozi na lingine la nyumbani.

Mashahidi wawili ndani ya mtu mmoja

Hebu chukua mfano wa kijana mmoja. Ni mfano tu, usianze kumtafuta kanisani. Kwa mchungaji wake anasema, "Pasta, sisi ni wachumba tu, tunajiweka safi mpaka harusi." Kwa mama yake anasema, "Huyo ni rafiki, tutaona." Kwa wazazi wa msichana hajasema lolote, maana hajafika. Lakini kwa ubalozi amepeleka picha, meseji za miaka miwili na orodha ya pesa alizotuma kwa M-Pesa, pamoja na maelezo kwamba wao wanaishi kama mume na mke.

Sasa niambie, ni nani anayedanganywa? Si lazima awe afisa wa viza. Inawezekana afisa ndiye aliyeambiwa kweli, na sisi kanisani ndio tuliodanganywa. Au kinyume chake. Lakini wote wawili hawawezi kuwa wameambiwa kweli. Bwana wetu alitufundisha katika Mathayo 5:37 kwamba ndiyo yetu iwe ndiyo. Hakutupa ndiyo ya ofisini na siyo ya ibadani.

Wako watakaonijibu: "Lakini Pasta, kila kitu nilichoandika ni kweli. Picha ni zetu, pesa nilituma, tunapendana." Nawapeleka kwa baba yetu wa imani, Abramu. Njaa ilipoingia nchini alishuka Misri, na kabla ya kuvuka mpaka alimwambia Sarai ajitambulishe kuwa dada yake. Ukisoma hadi Mwanzo 20:12 utaona kwamba hakusema uongo mtupu: Sara alikuwa binti wa baba yake kwa mama mwingine. Kila neno lingeweza kupita mahakamani. Lakini alilichagua ili aliyelisikia aamini jambo lisilo kweli, na huo ndio udanganyifu, hata kama maneno ni safi.

Angalia pia nani alilipia. Abramu alipata kondoo, ng'ombe, punda na ngamia. Sarai ndiye aliyechukuliwa akapelekwa nyumba ya Farao. Karatasi zilipokosa ukweli, mwanaume alipata mifugo na mwanamke akabeba hatari. Mungu mwenyewe ndiye aliyeingilia kumtoa Sarai, na aliyeuliza kwa nini hawakuambiwa ukweli alikuwa Farao, mtu wa mataifa. Inatia aibu afisa asiyemjua Mungu akiwa ndiye anayedai ukweli kutoka kwa mtu wa imani.

Mpaka mwingine, safari nyingine

Lakini Biblia haikatazi mtu wa mbali kumwita mke avuke mpaka. Kitabu hicho hicho cha Mwanzo, sura ya 24, kina safari ya pili. Isaka yuko Kanaani. Msichana yuko nchi ya mbali. Mtumishi wa Ibrahimu anaapa kwanza, halafu anasafiri na ngamia kumi. Akifika, haanzi na msichana kando kando kwenye kisima na kuishia hapo. Anaingia nyumbani. Anasema ametumwa na nani na anataka nini. Anatoa vyombo vya thamani kwa Rebeka, na zawadi kwa kaka yake na kwa mama yake. Sisi watu wa huku tunaelewa vizuri maana ya kumkumbuka mama. Waluo wana neno lake, ayie. Halafu wanamwita Rebeka wenyewe na kumuuliza kama atakwenda. Anajibu kwa kinywa chake. Wanambariki, ndipo anapanda ngamia.

Rebeka alivuka mpaka kabla ya kumwona Isaka uso kwa uso. Lakini wa kwao walijua anakwenda kwa nani na kwa nini. Neno lililosemwa nyumbani kwao ndilo lililotimia alipofika. Kwa hivyo sitamwambia kijana kwamba kila udhamini kabla ya harusi ni dhambi. Ikiwa familia zimekutana, tarehe imewekwa, na sheria ya kule ina viza ya mchumba, basi tumia viza ya mchumba na uandike mchumba. Hilo ni neno la kweli kwa hali ya kweli. Tofauti ya safari ya Sarai na safari ya Rebeka ni kwamba moja ilijengwa juu ya kufichwa, na nyingine ikajengwa juu ya kutangazwa.

Udhamini ni deni

Niliposomea biashara chuoni tulifundishwa kwamba mdhamini ni mdaiwa anayesubiri zamu yake. Walimu na wakulima wetu hawahitaji chuo kulijua hilo. Ukimdhamini mwenzako kwenye Sacco naye akaacha kulipa, akiba yako ndiyo inayoguswa. Mithali 6:1–5 inatuonya juu ya kutia saini kwa ajili ya mwingine bila kufikiri.

Sasa tazama jambo hili. Kanada inamtaka anayemdhamini mwenzi aahidi kumtunza kwa miaka 3, na ahadi hiyo haifutiki hata wakiachana. Fikiria. Kijana anaweka saini mbele ya serikali ya kigeni kwamba atambeba msichana huyu miaka 3, wawe pamoja au wasiwe. Ni ahadi nzito. Lakini mama wa msichana kule Ndhiwa hajapata hata salamu. Wazee wa kanisa hawajaambiwa. Serikali ambayo haimjui binti huyu imepewa ahadi ambayo waliomlea wamenyimwa. Hapo ndipo dhamiri inapaswa kushtuka.

Paulo alimdhamini Onesimo. Katika Filemoni 18–19 anasema kama Onesimo ana deni lolote, liandikwe kwa jina lake Paulo, na anaandika hayo kwa mkono wake mwenyewe. Kwa hivyo kudhamini kwenyewe si kosa. Ni jambo la upendo. Lakini angalia barua ile ilikwenda kwa nani. Ilikwenda kwa Filemoni, aliyehusika, na kwa kanisa lililokutana nyumbani mwake. Paulo hakumdhamini Onesimo kwa siri. Aliyepaswa kujua alijua.

Ukishindwa kumdhamini msichana mbele ya baba yake, ni kwa ujasiri gani unamdhamini mbele ya afisa asiyemjua?

Siku mambo yakiharibika

Wengine wataniambia ukali huu ni wa nini, ikiwa mwishowe watakuwa pamoja na watafurahi. Naandika kwa ajili ya siku ambayo hawatafurahi. Mtu aliyeingia nchi kwa jina la uhusiano, kibali chake cha kukaa kinaweza kutegemea uhusiano huo. Ukivunjika, yuko mbali na kwao, na mwenye kumleta ana nguvu juu yake. Dada mmoja katika hali kama hiyo anaweza kuvumilia makofi kwa sababu tu anaogopa kurudishwa.

Na akirudi nyumbani, anarudi kama nani? Mahakama ya Juu ya Kenya, katika uamuzi wa tarehe 27 Januari 2023, ilisema kuhesabiwa mume na mke kwa sababu tu mliishi pamoja ni jambo la kutumiwa kwa nadra sana. Anayedai ndiye wa kuthibitisha: kwamba mliishi pamoja muda mrefu, mlikuwa na haki ya kuoana, mlikusudia kuoana, mlikubaliana, na mlijitambulisha mbele ya watu kama mume na mke. Shika hilo la mwisho. Kijana ambaye ameambia kila mtu hapa nyumbani kwamba "huyo ni rafiki tu" amemwachia dada huyu mashahidi wa kumkana. Na Mungu aepushe, kijana akifa kule na mwili ukaletwa Homa Bay, dada huyu ataketi wapi kwenye matanga? Nchi ya kigeni huenda ikamwita mwenzi wa marehemu. Boma la marehemu litamuuliza yeye ni nani, na tunajua jinsi maswali hayo yanavyoulizwa siku ya mazishi.

Barua ya kanisa

Kazi yangu mojawapo kama msaidizi wa mchungaji ni kuandika barua. Nimewahi kuombwa niandike, kwenye karatasi yenye muhuri wa kanisa, kwamba kaka na dada fulani tunawajua kama watu wanaoishi kama mume na mke. Mimi nilikuwa nawajua kama mwimbaji na mwalimu wa Shule ya Jumapili ambao hata kutembelea wazazi walikuwa hawajafanya. Nilimwambia kaka ninachoweza kuandika: kwamba nawafahamu wote wawili, tangu mwaka gani, na kwamba wametueleza nia yao. Na kwamba wakipeleka wazee kwa kina dada, nitaandika hilo pia, na tarehe yake. Alikasirika. Mama yake aliacha kunisalimia kwa muda mrefu, na sikumlaumu, kwa sababu kwake ile barua ilikuwa ni mlango wa riziki ya nyumba nzima.

Nalisema hili ili msomaji ajue kwamba ukweli una gharama hapa. Sihubiri kana kwamba ni rahisi. Mtu anaweza kukosa viza kwa sababu ya neno la kweli, wakati jirani yake amepita kwa neno la uongo na sasa anajenga nyumba ya mawe. Sina jibu la kuyeyusha uchungu huo. Nina swali tu: utakaa na mke wako miaka arobaini juu ya msingi gani, ikiwa jiwe la kwanza mliliweka pamoja mkijua ni la uongo?

Na sisi kanisa tujiangalie

Sasa nigeuze kidole kwetu. Kwa nini watu wanaambia ubalozi mambo ambayo hawawezi kutuambia sisi? Wako miongoni mwetu wanaoishi njoo-tuishi miaka mitano, wana watoto wawili, na Jumapili wanaingia kwa milango tofauti. Kwenye fomu ya ubalozi wanaandika ukweli wote. Kanisani wanajificha. Sababu si ngumu kuiona. Ubalozi hausengenyi. Ubalozi hauwasimamishi mbele ya watu.

Yesu alipokutana na mwanamke Msamaria, katika Yohana 4, mwanamke alikiri hana mume. Bwana alimwambia kwamba aliyekuwa naye hakuwa mumewe, lakini kwanza alimkubalia kwamba amesema kweli. Hakumpiga kwa ukweli wake. Yule mwanamke akakimbia mjini kuwaita watu waje kwa Yesu. Je, kwetu angekimbia kuita watu, au angekimbia kutoroka?

Halafu kuna harusi zetu. Kamati, mahema, msafara wa magari, sare za watu ishirini, mchango baada ya mchango. Tumefanya ndoa ionekane ni mradi wa wenye pesa. Lakini Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 haidai hema. Inataka watu wawili wenye miaka 18 au zaidi, wanaokubaliana kwa hiari, na mashahidi. Sheria hiyo hiyo inasema kwamba pale mila inapodai mahari, sehemu ndogo ya kuonyesha nia inatosha kuthibitisha ndoa ya kimila, na wanandoa wana miezi 3 baada ya kukamilisha taratibu zao kumjulisha msajili. Kwa hivyo wazazi, mkimwambia kijana hakuna binti mpaka ng'ombe wa mwisho afike, msishangae binti akiondoka kwa jina la "mwenzi". Na sisi wachungaji tukubali kufungisha ndoa siku ya Jumatano, watu kumi, chai na mandazi, na Mungu atakuwepo.

Lakini tusiruke upande wa pili. Sisemi, oaneni haraka mpate viza. Ndoa iliyofungwa kwa ajili ya karatasi ni uongo ule ule, sasa umevaa shela. Wako walioshinda bahati nasibu ya viza ya Marekani na kesho yake wakatafutiwa mke wa kwenye fomu. Hiyo ni biashara, na bidhaa ni agano la Mungu.

Swali la kujipima

Kijana, dada, kabla hujaweka saini, jiulize hivi: ubalozi ukikataa, huyu bado ni wangu? Ukikataliwa viza na bado ungerudi Migori kumwoa, basi una mke, na unachotafuta ni njia ya kuishi naye. Nenda kwa wazazi, njoo kwa wachungaji, tutakusimamia. Lakini kama viza ikikataliwa uhusiano nao umekwisha, basi hukuwa unamdhamini mtu. Ulikuwa unadhamini safari. Usimwekee binti wa watu saini hiyo.

Na ninyi mnaodhaminiwa, ulizeni bila aibu: "Umewaambia kwenu nini juu yangu?" Jibu la swali hilo lina uzito kuliko tiketi.

Neno utakaloandika kwenye fomu, lipeleke kwanza kwa mama yake. Akilisikia na wewe hukuona haya kulisema, liandike.

Tuombe. Baba, walinde watoto wetu walio mbali. Wape ujasiri wa kusema neno moja kwa watu wote. Tusamehe sisi tuliowafanya waogope kutuambia ukweli. Fungua milango iliyo halali, na waliofungiwa wape subira. Katika jina la Yesu, Amina.